Mwaka wa kwanza chuoni Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka, KUCCPS ikishapanga wanafunzi vyuoni na masanduku yakaanza kushuka Mwembe Tayari na kituo cha treni cha Miritini, maswali huwa ni yale yale. Tumeyakusanya hapa kwa ajili ya wanafunzi wapya wa vyuo vya Mombasa, iwe ni chuo kikuu cha Tudor (Technical University of Mombasa), matawi ya vyuo vya Nairobi yaliyo mjini, polytechnic au KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba. Mawili yaliyo karibu na mwisho ni ya wazazi na walimu, ila mwanafunzi hakatazwi kuyasoma.

Ni wiki ya nne sasa na bado najihisi nimekuja kwa makosa. Wenzangu wote wanaonekana wamezoea. Je, chuo si changu?

Wenzako hao hawajazoea. Wanacheka kwa sauti tu. Ukikaa meza ya mapokezi ya wanafunzi wapya utawaona wale wale waliokuwa wakipiga picha langoni mchana, jioni wanarudi mmoja mmoja kuuliza kama mtu anaweza kuahirisha masomo.

Kupotea si tatizo. Tatizo ni maana unayoipa hali hiyo. Mwalimu akipita bila kukujibu salamu, au kikundi kikaundwa wewe hupo, unaweza kusema, "Mwezi wa kwanza ndivyo ulivyo." Unaweza pia kusema, "Nilijua tu, mahali hapa si pa watu kama sisi." Anayejiambia hili la pili huanza kukaa nyuma, huacha kuuliza, haendi kwenye kikundi cha kusoma, na ikifika Novemba kweli hajulikani na mtu. Alichokiogopa amekijenga mwenyewe, hatua kwa hatua, bila kufukuzwa na yeyote.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2011 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Gregory Walton na Geoffrey Cohen, walichapisha utafiti katika jarida la *Science*. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliarifiwa kwamba hata wale wa juu walijiona wageni mwanzoni na hali hiyo ikapita, kisha kila mmoja akaandika jinsi hilo linavyofanana na yake mwenyewe, kwa ajili ya watakaokuja baadaye. Zoezi zima lilichukua kama saa moja. Kwa wanafunzi weusi, ambao ndio waliokuwa na sababu zaidi ya kutilia shaka nafasi yao pale, alama zilipanda katika miaka mitatu iliyofuata na pengo kati yao na wanafunzi weupe likapungua kwa nusu.

Lakini tusiuze dawa ya miujiza. Jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 2023 na kuhusisha wanafunzi karibu 27,000 katika vyuo 22 vya huko huko, lilionyesha kwamba zoezi hilo lilisaidia pale tu ambapo chuo chenyewe kilikuwa kimewafungulia mlango wanafunzi wa aina hiyo. Kwa hiyo unaposoma ukurasa huu, jua kuna kazi yako na kuna kazi ya chuo.

Sawa, lakini nifanye nini hasa? "Jichanganye na watu" nimeshaambiwa sana.

Ushauri huo hauna maana, tunakubali. Hakuna anayejichanganya na ukumbi wa watu mia tatu.

Chagua mahali pawili au patatu ambapo utaonekana kila wiki, siku ile ile, saa ile ile. Safu moja darasani. Meza moja maktaba. Kwa mama mmoja wa mahamri. Urafiki mwingi wa chuo hauanzi kwa mazungumzo mazito, unaanza kwa sura kuzoeana, na sura haziwezi kuzoeana ukihama kila siku. Mara ya kwanza unanunua mahamri mawili na mbaazi unaondoka. Mara ya tatu mama anakuuliza unasomea nini. Mara ya tano anakwambia, "Hata huyu hapa ni wa kozi hiyo hiyo, mwaka wa pili," na yule mwenye kikombe cha chai anainua kichwa. Umepata mtu wa kumuuliza mtihani wa mwaka jana ulikuwaje.

Darasani, mgeukie uliyekaa naye kipindi kikiisha na umuulize kitu kimoja kinachohusu somo: "Ile sehemu ya mwisho wewe umeielewa?" Asilimia kubwa ya watu hujibu "wapi!" na hapo mmeshaanza.

Vyama na klabu ni vizuri, ila jiandikishe kimoja. Wiki ya mapokezi fresha huandika jina kwenye karatasi sita, kisha haonekani popote.

Mimi ni mtoto wa hapa hapa, nakaa nyumbani Likoni. Kipindi kikiisha navuka narudi. Chuo nakiona kama shule ya kutwa tu.

Swali hili huulizwa kidogo kuliko inavyostahili. Mapokezi hutayarishwa kwa ajili ya mgeni aliyetoka Busia au Kitui, na mtoto wa Mtongwe, Mikindani au Mtwapa hudhaniwa yuko sawa kwa kuwa mji anaujua. Mji anaujua, ndiyo. Chuo hakijui, tena yeye ndiye anayetoka langoni wa kwanza, na mambo mengi ya chuo hutokea baada ya saa kumi: kikundi cha kusoma, mazoezi ya mpira, habari kwamba kat (jaribio la katikati ya muhula) ya Alhamisi imesogezwa.

Jaribu hivi. Chagua siku mbili za wiki ambazo hutaondoka mara kipindi kinapoisha. Baki mpaka magharibi, umalize kazi yako pale pale. Kwa anayevuka feri hili lina faida nyingine. Ule msongamano wa jioni, watu wamejaa kwenye mteremko wakisubiri lango lifunguliwe, utaupisha upungue badala ya kusimama ndani yake na mkoba kifuani. Nauli haibadiliki, feri kwa mwenda kwa miguu ni bure saa zote. Ila kwa binti hasa, panga na mwenzako wa njia moja ili usirudi peke yako.

Kuna la nyumbani pia, na hili ni gumu zaidi. Ukiwa nyumbani wewe bado ni yule yule wa kutumwa soko la Kongowea, wa kukaa dukani baba akienda kuswali, wa kumpeleka mdogo wako madrasa. Wazazi hawafanyi hivyo kwa ubaya. Wanakuona umerudi saa nane mchana, wanajua umemaliza. Hawakuona kwamba chuoni kusoma kwenyewe huanza mwalimu akishatoka. Chapisha ratiba yako uibandike ukutani, na ndani yake utie saa za kujisomea kwa jina la somo, si "nafasi". Mama akiona "Jumatano saa 10 hadi 12: hesabu" ataiheshimu kuliko ukimwambia "nataka kusoma kidogo". Kama nyumba ni ndogo na ina kelele, maktaba ya taifa iko mtaa wa Msanifu Kombo, na vijana wa teknolojia na sanaa wana kituo cha Swahilipot pale karibu na Fort Jesus.

Mimi ni wa bara. Kiswahili changu kinachekwa.

Kitachekwa kidogo, na watakaocheka ni wale wale watakaokufundisha. Usinyamaze kwa sababu hiyo. Mtu wa pwani hukasirishwa na kukosa salamu kuliko na ngeli zilizopotea. Ukifika dukani ukasema "leta maji" utapewa maji na uso wa jiwe. Anza na habari za asubuhi, usubiri ujibiwe, kisha "naomba". Ukimkuta mzee, shikamoo. Haichukui nusu dakika, na kwenye nyumba ya kupanga ndiyo itakayoamua kama jirani atakuamsha maji yakija.

Na nyinyi wa hapa: mwenzenu akisema "hiyo kiti", muelewe kiti, mpeni akalie.

Nimefeli kat ya kwanza. Nimezoea A tangu darasa la nne.

Chukua kalamu. Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya alama za kozi hugawanywa 30 kwa kat na kazi za muhula, 70 kwa mtihani wa mwisho, na kupita ni 40 kwa programu nyingi. Tuseme umepata 9 kati ya 30. Ili upite unahitaji 31 kati ya 70. Ili upate B, yaani 60, unahitaji 51. A ya 70 inakutaka upate 61 kati ya 70, hiyo ni ngumu, tusidanganyane. Lakini unaona kwamba huko ulikojiona umezama, B bado iko mkononi. Hesabu hii ifanye kwa kila somo na uiandike nyuma ya daftari, kwa sababu hofu isiyo na namba hukua usiku.

Halafu tafuta kilichobadilika. Sekondari mwalimu alikuandikia ubaoni, akakukumbusha, akakupiga jaribio kila Ijumaa. Huku anaongea kwa muda wa saa tatu, anataja sura mbili za kitabu, anaondoka. Wengi hufeli kat ya kwanza si kwa kukosa akili bali kwa kusoma notisi za saluti, zile fotokopi za mwaka juzi, mara kumi. Kusoma mara kumi hukupa hisia ya kujua. Funga karatasi, jaribu kuandika ulichokumbuka, au jibu mtihani uliopita bila kuangalia. Inauma zaidi, na ndiyo inayobaki kichwani. Wanasaikolojia wa kumbukumbu wamelithibitisha hili mara nyingi.

Fanyeni watatu au wanne. Kikundi cha watu kumi ni maskani.

Naogopa kumwendea mwalimu ofisini.

Mwanafunzi wa kwanza katika ukoo wake kuingia chuo mara nyingi hudhani saa za ofisi, yaani muda ambao mwalimu hukaa ofisini kuonana na wanafunzi, ni za waliokosea. Aliyelelewa na wazazi waliosoma anajua tangu nyumbani kwamba ni za kutumiwa, na huenda wiki ya pili. Tofauti ya hao wawili mwisho wa mwaka huonekana kama akili, kumbe ni taarifa.

Usiende mikono mitupu. Nenda na swali moja na kazi uliyojaribu: "Habari za asubuhi, mwalimu. Niko darasa lako la Jumanne. Nimejaribu swali la tatu, nimefika hapa nikakwama." Basi. Usimwambie hujaelewa chochote, maana hatajua aanzie wapi. Ukimkuta na haraka, muulize akuambie siku ya kurudi, na urudi kweli. Na kama alikujibu vibaya, hilo ni lake, nenda kwa msaidizi wake au mwalimu mwingine wa idara.

Kusajili masomo kwenye mfumo ni lazima? Niliambiwa naweza kungoja.

Lazima, na usingoje. Somo usilosajili halina mahali pa kuwekewa alama, hata ukiwa umefanya kat zote. Piga picha ya ukurasa baada ya kusajili. Weka kila karatasi ya kat iliyorudishwa, na uhakikishe umetia sahihi kwenye orodha ya mtihani. Alama kupotea ni ugonjwa wa muda mrefu wa vyuo vyetu, na anayetibiwa haraka ni mwenye ushahidi. Mahudhurio nayo: vyuo vingi hudai asilimia 75 ili ukalie mtihani.

HELB (mkopo wa serikali wa wanafunzi) haijaingia na sina pesa ya kula.

Sema mapema. Ofisi ya msimamizi wa wanafunzi haina hazina ya siri, lakini mara nyingi inajua vitu usivyovijua: kazi ndogo za chuo, wafadhili wa dini zote, namna ya kulipa karo kwa awamu bila kufungiwa mtihani. Anayekuja Oktoba husaidika kuliko anayekuja siku moja kabla ya mtihani.

Kumbuka mambo haya. Sehemu ya karo haipiti mikononi mwako, hulipwa chuoni. Inayokujia ni ya kujikimu. Ombi la HELB hurudiwa kila mwaka, na kila mwaka kuna waliodhani la kwanza linatosha. Ni mkopo kweli kweli: riba ya shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, na hudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza. Basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, huombwa katika eneo bunge la kwenu. Kama wewe ni wa Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu ofisi ziko hapa hapa. Kama ni wa mbali, tuma fomu nyumbani mapema kwa sababu sahihi ya chifu haitumwi kwa simu.

Pesa ikiingia, lipa kodi ya miezi miwili na ununue unga, mchele na maharagwe siku hiyo hiyo. Tumeona pesa ya muhula ikiishia kwenye kubeti kati ya Ijumaa usiku na Jumapili. Ukishaona huwezi kujizuia, au muguka na vingine vimeshakuwa desturi ya kila siku, NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192.

Nikipanga nje ya chuo niangalie nini?

Nenda ukione chumba kwa macho kabla ya kutuma senti. Kila Septemba kuna fresha anayetuma "deposit" kwa dalali wa kwenye simu akafika na kukuta watu wanaishi humo. Uliza maji ni ya mfereji au ya kisima, maana ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi na ya kunywa utanunua kwa mtungi. Uliza tokeni za umeme ni zako peke yako au mnachangia. Ujue pia kwamba chumba unachokikodi Agosti, kusi ikivuma, utakikuta kingine Februari. Chumba cha mabati chenye dirisha moja hakisomeki mchana. Nunua chandarua kabla ya zulia.

Wenzangu wameenda chuo kikuu, mimi niko polytechnic. Naona aibu kusema.

Chuo kikuu cha Tudor unachokionea wivu kilianza kama taasisi ya ufundi ya Waislamu, MIOME, mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na hati ya chuo kikuu kamili kikapewa 2013. Waliosoma humo wakiitwa watu wa polytechnic ndio waliozitengeneza nyaya na mitambo ya mji huu. Na stashahada si ukuta. Watu huendelea hadi shahada kila mwaka, wengine wakipunguziwa masomo waliyokwisha kuyafanya. Mji wa bandari hauna dharau na fundi anayejua kazi. Wenye dharau ni wanafunzi wenzako, na wakianza kutafuta kazi itawatoka.

Swala ya Ijumaa ikigongana na kipindi?

Mwambie kiongozi wa darasa wiki ya kwanza, si siku ya kat. Mombasa walimu wengi wamezoea na ratiba nyingi huacha nafasi. Lile lile kwa Msabato akipangiwa mtihani Jumamosi: barua mapema, kupitia idara.

Mimi ni mzazi. Mwanangu alipiga simu akilia anataka kurudi nyumbani. Nimlete?

Mzazi, msikilize mpaka amalize kabla ya kumwambia lolote, hata la kumtia moyo. Simu hizo huja sana Jumapili jioni, na mara nyingi Jumanne mtoto ameshasahau, wewe ndiye hujalala. Muulize amekula nini leo, na kuna nani mmoja anayemjua kwa jina. Kama jibu la pili ni "hakuna" wiki baada ya wiki, hapo pana kazi. Mwelekeze kwa mshauri wa wanafunzi, na kama mna jamaa Mombasa, mwombeni amwalike chakula cha Jumapili.

Maneno ya kuepuka: "Unajua tumeuza ng'ombe kwa ajili yako." Anajua. Ndiyo sababu hakukwambia mapema kwamba amefeli.

Sisi walimu tufanye nini? Darasa lina watu mia nne.

Majina mia nne hayawezekani, hatuombi hilo. Saa zenu za ofisi zitangazeni kwa maneno ya kawaida: ni za nini, mtu aje na nini, mlango uko wapi. Karatasi ya kat mbaya ikirudi, iwe na sentensi moja ya nini cha kurekebisha, si mstari mwekundu peke yake. Wiki ya tatu waalikeni wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu, mmoja wao awe aliyewahi kufanya sapu (mtihani wa kurudia), waeleze muhula wao wa kwanza ulivyokuwa. Dakika kumi zinatosha. Fresha humwamini aliyekaa kiti kile kile miaka miwili iliyopita kuliko hotuba ya mkuu wa chuo.

Na ule mzaha wa siku ya kwanza, "mtazame wa kulia na wa kushoto, mmoja hatamaliza", uacheni. Aliyekuja na shaka huwa anajua ni yeye anayesemwa.

Nimezidiwa kuliko haya yote. Silali, siendi darasani, nafikiria kujidhuru.

Usibaki peke yako usiku wa leo. Mwambie mtu mmoja aliye karibu, hata mwenye nyumba, kisha piga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Kama ni unyanyasaji wa kingono, wa mwanafunzi mwenzako au wa mtu mwenye cheo, namba ni 1195, na fika hospitali ndani ya saa 72 kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya HIV zina muda. Usioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa. Masomo yanaweza kuahirishwa kwa barua na nafasi yako ikangoja.

Kozi niliyopewa si niliyoitaka. Nivumilie?

Tofautisha kwanza kama huipendi kozi au huipendi Septemba. Hudhuria wiki mbili kamili, zungumza na mtu wa mwaka wa mwisho katika kozi hiyo, umuulize attachi (mafunzo ya kazini) alifanya wapi. Ukiwa bado unataka kuhama, harakisha: KUCCPS hufungua dirisha la uhamisho kwa muda mfupi, chuo nacho kina tarehe yake ya kubadilisha kozi ndani kwa ndani, na vyote viwili hutazama alama zako za KCSE katika masomo husika. Endelea kuhudhuria na kufanya kat huku ukingoja jibu. Likija la kukataliwa wiki ya saba, utakuwa hujapoteza muhula.